Limfoma ya Burkitt: uvimbe usiojua kusubiri

Je, wajua kwamba saratani inayokua kwa kasi kuliko zote zinazompata binadamu ni ya watoto, na kwamba kila inachohitaji ili itokee kipo hapa Kasenga? Chembe za limfoma ya Burkitt zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto wa miaka mitano au sita analegea magego, wazazi wanadhani ni meno ya utoto yanataka kutoka. Baada ya wiki chache taya limevimba na jicho limesukumwa nje. Mwingine uso wake ni mzima, ila tumbo linajaa.

Ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazotengeneza kinga ya mwili. Kwa kawaida hujikusanya zikawa uvimbe. Zikijaa ndani ya uboho wa mifupa, ugonjwa huwa lukemia.

Mwaka 1957, hospitalini Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt, Mwairishi aliyepoteza jicho moja utotoni, amtazame mtoto aliyevimba pande zote nne za mataya. Muda mfupi baadaye Burkitt akamkuta mwingine wa namna hiyo Jinja, akaanza kupekua mafaili ya wagonjwa. Makala yake ya kwanza ilitoka 1958. Oktoba 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson waliingia katika gari kuukuu la Ford, wakasafiri wiki kumi, kama maili 10,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza katika kila hospitali ya njiani kama kuna aliyewahi kumwona mtoto wa hivyo. Majibu yakachora ramani. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Kadiri walivyoelekea kusini kwenye baridi, mpaka huo nao ulishuka. Penye joto na mvua, ulikuwepo. Ilikuwa ramani ya malaria.

Kasenga, kando ya mto Luapula, haifiki mita 1,000. Maji yanayotupa samaki wa mpumbu ndiyo yanayotuletea mbu.

Malaria peke yake haitoshi. Mwaka 1964, London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi walichokiona ndani ya chembe za uvimbe zilizotumwa kwa ndege kutoka Kampala. Kirusi hicho cha Epstein-Barr karibu kila mtoto wa Afrika hukipata mapema, kwa mate, bila kuonekana mgonjwa. Hukaa ndani ya chembe za kinga, na malaria ya kurudiarudia huzichochea chembe hizohizo zigawanyike bila kupumzika. Katika kugawanyika huko, kipande cha kromosomu ya 8 kinaweza kukatika na kujibandika pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. Hapo jeni ya MYC, ambayo kazi yake ni kuamuru chembe zigawanyike, inakwama ikiwaka kama taa isiyo na swichi.

Burkitt hakuweza kuukata uso mzima wa mtoto, na Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Umaskini huo ndio uliomsukuma, yeye na Peter Clifford wa Nairobi, kujaribu dawa: methotreksati, siklofosfamidi, na vinkristini, ambayo hutolewa kwenye mmea mdogo wa maua ya rangi ya waridi wenye asili ya Madagaska. Mavimbe makubwa yaliyeyuka katika siku chache. Mwaka 1967 Burkitt alichapisha habari za wagonjwa waliokaa muda mrefu wazima baada ya dozi moja au mbili tu. Wakati huo madaktari wengi duniani hawakuamini kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa bila kisu. Sababu imo katika kasi ileile: dawa hizi huiua chembe inapojigawa, na chembe za Burkitt karibu zote zinajigawa wakati wowote utakaozipiga.

Mwaka huohuo kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, kilichozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kiliongozwa na John Ziegler, kisha Mganda Charles Olweny akakishika katika miaka migumu ya Idi Amin. Wagonjwa waligawanywa katika makundi, matibabu yakalinganishwa kwa uaminifu. Huko ilidhihirika kwamba chembe nyingi zikifa kwa mkupuo, taka zake huziba figo, kwa hiyo mtoto atundikiwe maji kabla ya dozi ya kwanza. Kwamba ugonjwa hujificha kwenye maji ya ubongo, kwa hiyo dawa ipite pia uti wa mgongo. Na kwamba hata ukirudi, wapo wanaoponyeka mara ya pili.

Kati ya 2004 na 2009, hospitali za Nigeria, Kenya na Tanzania, ikiwemo Ocean Road ya Dar es Salaam, zilitibu wagonjwa 356 kwa mpango mmoja. Baada ya miaka miwili, 62 katika kila 100 walikuwa hai. Ulaya na Marekani wanaopona hufikia 90. Wenzetu hutumia dozi kali zaidi, kwa sababu wana damu ya kuongeza, antibiotiki na maabara za kumbeba mtoto uboho wake unapochoka. Kwetu watafiti wanatafuta dozi ambayo hospitali inaweza kuihimili. Lakini dozi yoyote haimfai mtoto aliyechelewa, au aliyerudishwa nyumbani katikati ya matibabu kwa kukosa nauli. Naona haya kwamba nauli ndiyo ikate hukumu. Kutoka Kasenga hadi Lubumbashi ni kama kilomita 200, na masika huzirefusha. Utafiti wowote utakaofanywa hapa uhesabu nauli hiyo pamoja na bei ya vinkristini.

Magego yakilegea bila kuoza na taya likavimba wiki hadi wiki, yasing'olewe. Mtoto apelekwe hospitali kikatwe kipande cha uvimbe na kupimwa. Uvimbe huu ukirudi baada ya matibabu, karibu kila mara hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto aliyeuvuka mwaka huo bila dalili anahesabiwa kuwa karibu amepona.