Masomo kwa intaneti: Korona iliacha funzo gani kwa vyuo vikuu vya Kivu?

Tarehe 18 Machi 2020, siku nane baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa Kinshasa, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo vikuu nchini kote. Majuma manne yaliyotangazwa yaligeuka kuwa miezi. Ilibidi kungoja Agosti masomo yaanze kurudi. Desemba milango ikafungwa tena, hadi Februari 2021.

Wakati huo wanafunzi walishauriwa wasome kwa mbali, kupitia intaneti. Kwa wengi wa Goma, Bukavu ama Butembo, hiyo ilimaanisha silabisi iliyotumwa katika kundi la WhatsApp. Mwenye simu nzuri aliisoma kwenye kioo kidogo. Mwenye simu ya vitufe alimtegemea mwenzake. Umeme ulipokatika, somo nalo lilikatika. Juu ya hayo, tangu Septemba 2020 serikali ilianza kukata ushuru wa RAM kwenye unite za simu, ushuru ulioondolewa mwaka 2022 baada ya malalamiko mengi ya raia. Mwanafunzi aliambiwa asome kwa simu, na simu hiyo hiyo ikatozwa.

Kinachoweza kupita kwenye simu

Hata hivyo, si haki kusema masomo ya intaneti hayana faida kwetu. Kwa miaka mingi vyuo vya Kivu vimetegemea maprofesa wageni kutoka Kinshasa, Kisangani ama Lubumbashi. Profesa anafika kwa ndege, chuo kinamlipia tiketi na malazi, naye anamaliza somo zima kwa siku chache, asubuhi hadi jioni. Asipofika, wanafunzi wanangoja, na mwaka wa masomo unarefuka.

Vita vilipofika Goma mwisho wa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu. Safari ya profesa ikawa ngumu kuliko wakati wa Korona. Hapo ndipo somo la kwa mbali linapoacha kuwa anasa: profesa aliye Kisangani anaweza kufundisha darasa lililo Goma bila kupanda ndege.

Kisichoweza kupita

Lakini mwanafunzi wa udaktari hajifunzi kushona kidonda kwenye kioo cha simu. Wa kilimo anahitaji shamba, wa kemia anahitaji maabara, na mwalimu wa kesho anahitaji kusimama mbele ya watoto. Isitoshe, kwa mwanafunzi anayeishi na ndugu wengi katika nyumba ndogo, chuo ndipo mahali pa kusoma kwa utulivu.

Senegal ilielewa jambo hilo mapema. Mwaka 2013 ilianzisha chuo kikuu cha serikali kinachofundisha kwa intaneti, lakini haikuwaacha wanafunzi nyumbani. Ilifungua vituo katika miji mbalimbali, ambako wanafunzi wanakuta intaneti na mahali pa kusomea. Kumbe hata chuo cha intaneti kinahitaji kuta, umeme na viti.

Nani atalipa?

Swali gumu ni la pesa. Vyuo vyetu vingi, hata vya serikali, vinaishi kwa malipo ya wanafunzi. Mzazi akitoa dola zake, halafu mtoto anunue pia mega za kila siku, ni sawa na kulipa mara mbili. Chuo kinachohamishia somo kwenye intaneti ili kuokoa tiketi ya profesa kingepaswa kurudisha akiba hiyo kwa wanafunzi: intaneti ya bure kampasini, sola, kompyuta chache zinazofanya kazi kweli.

Jambo hili haliwezi kungoja. Mfumo wa LMD, ulioanza kutumika nchini katika mwaka wa masomo 2021-2022, unahesabu pia saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi peke yake. Mtu atafanyaje utafiti bila maktaba wala intaneti?

Korona haikuua chuo kikuu. Ilionyesha tu kwamba kusambaza silabisi si kufundisha. Chuo kitakachodumu Kivu ni kile kitakachotumia intaneti kumleta profesa aliye mbali, na kutunza kampasi kwa kazi ya mikono. Kile kitakachoendelea kuuza karatasi peke yake, wanafunzi watakiuliza: tunalipia nini?