Kona Ambazo Ugonjwa wa Moyo Hupenda Kuanzia

Mwaka 1953, madaktari wa jeshi la Marekani walitangaza walichokiona katika mioyo ya wanajeshi 300 waliofia katika Vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Walikwenda vitani wakihesabiwa wazima, lakini zaidi ya robo tatu yao walikutwa na ugonjwa katika ateri zinazolisha moyo, kuanzia ukuta ulioanza kunenepa hadi mshipa ulioziba kabisa.

Tangu ujanani, basi. Lakini kwa nini mahali fulani tu? Lehemu huzunguka na damu mwili mzima, na shinikizo, sukari na sumu ya sigara hufika kila mshipa. Hata hivyo mafuta hupendelea panda za ateri, kama zile za shingoni, na upande wa ndani wa kona. Sehemu zilizonyooka hubaki safi kwa muda mrefu zaidi.

Wapo watafiti waliodhani kwamba damu iendayo mbio ndiyo hujeruhi ukuta. Mwaka 1969 Colin Caro na wenzake wa Imperial College, London, walionyesha kinyume: mafuta huanza pale ambapo damu husugua ukuta kidogo. Mto nao huacha tope mahali maji yanapozubaa. Ila ukuta wa ateri u hai, na hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Seli za utando wa ndani huhisi msuguano wa damu. Mkondo ukiwa imara, hujipanga kuufuata na kutoa nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mshipa na kuukinga. Mkondo ukilegea, au ukienda na kurudi kwa kila pigo la moyo, mpangilio huvurugika, gesi hupungua, lehemu hupenya ukutani. Chembe nyeupe za damu huifuata, zikaimeza mpaka zikavimba kwa mafuta.

Na yote hayo hutokea kimyakimya. Mwaka 1987 Seymour Glagov wa Chicago alionyesha kwamba ateri ya moyo hutanuka kwa nje kufidia uvimbe huo wa mafuta ukutani. Njia ya damu haianzi kubanwa mpaka uvimbe ukaribie asilimia 40 ya nafasi ya ndani ya ateri. Ndiyo maana kifua hakiumi, na picha ya njia ya damu peke yake yaweza kuonekana ya kawaida.

Mazoezi hayanyooshi kona. Ila mtu anapotembea kwa haraka, damu nyingi zaidi hupita, na seli zile husuguliwa kiasi cha kutoa tena gesi yao.