Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Usikimbilie Kupiga Windows

Ijumaa ya Julai 19, 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Marekani ya CrowdStrike, inayouza programu za kulinda kompyuta, ilisambaza faili dogo la masasisho kwa wateja wake. Muda si mrefu mashine zikaanza kuzima zenyewe, zikawaka, zikaonyesha skrini ya bluu, zikazima tena. Microsoft ilikadiria baadaye kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zilikwama viwanjani, hospitali ziliahirisha huduma, na shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku zilizofuata. CrowdStrike iliondoa faili lile saa 2:27 asubuhi hiyohiyo, lakini nyingi kati ya mashine zilizokwisha kulipokea zilikuwa zikianguka kabla hazijapata hata nafasi ya kuingia mtandaoni kuchukua faili zima.

Na dawa? Kuingia Safe Mode (namna ya kuwasha Windows kwa vitu vya lazima tu), kufungua folda ya CrowdStrike iliyomo ndani ya Windows, kufuta faili linaloanzia na C-00000291, kisha kuwasha upya. Kazi ilikuwa kubwa kwa sababu mtu alitakiwa aiendee karibu kila mashine kwa mikono yake. Lakini haikuhitaji kufuta diski, wala kupoteza waraka hata mmoja.

Nimelileta tukio hilo kwa sababu mitaani kwetu ugonjwa wa namna hii hutibiwa kwa dawa kali mno. Kompyuta imegoma kuwaka, inapelekwa kwa fundi, fundi anachomeka flashi, na baada ya muda mfupi imepigwa Windows mpya. Inawaka vizuri kabisa. Ila tasnifu ya miaka miwili haipo, hesabu za duka hazipo, picha za marehemu mzazi hazipo. Jambo hili linaniuma, kwa kuwa mara nyingi kilichokuwa kimeharibika ni draiva moja tu.

Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa: kadi ya picha, waifai, printa, diski. Nyingi kati yake hufanya kazi ndani kabisa ya kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa halina kizuizi. Programu ya kawaida ikikosea, hufungwa yenyewe na kazi zikaendelea. Draiva ya ndani ikikosea, Windows husimamisha kila kitu kwa makusudi ili data isiharibiwe. Hapo ndipo unapoona skrini ya bluu. Katika mkasa wa CrowdStrike, programu ilitarajia kupewa thamani 21, ikapewa 20, ikaenda kuisoma ya 21 kwenye kumbukumbu isiyo yake. Na kwa kuwa draiva yake hupakiwa mapema wakati mashine inawaka, kila kuwaka kukawa kuanguka. Tatizo lenyewe si geni: mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliandika kwamba draiva zilihusika na asilimia 85 ya hitilafu zilizokuwa zikiripotiwa kwenye Windows XP.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, tazama mashine imeishia wapi. Ikiwa hakuna taa wala feni, hilo ni suala la umeme: chaja, betri, au bodi. Ikipiga milio bila kuonyesha kitu, anza na RAM. Ikionyesha nembo ya kampuni kisha ikadai haioni diski ya kuanzia, chunguza diski na mpangilio wa BIOS, programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Lakini ikifika kwenye nembo ya Windows, vile vidoti vikazunguka, kisha ikaanguka, jiulize swali moja: ni kitu gani kiliingizwa mara ya mwisho? Printa mpya? Masasisho ya jana usiku? Draiva iliyopakuliwa kwenye tovuti isiyojulikana? Jibu huwa liko hapo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kuna visa viwili ambavyo huwapoteza hata mafundi wazoefu. Cha kwanza ni cha kompyuta za mezani zilizotumika, zile zinazoingia kwetu kwa wingi. Ndani yake kuna betri bapa ya mviringo, CR2032, ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS umeme ukiwa haupo. Ikiisha, saa hurudi nyuma kwa miaka, na kwenye baadhi ya mashine hata namna ya kuisoma diski hubadilika. Windows ikiwaka inakuta diski inasemeshwa kwa njia isiyoijua, na skrini inaandika INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Diski ni nzima, mafaili yamo yote. Badilisha betri, rudisha ndani ya BIOS mpangilio wa awali wa SATA, yaani ile namna ya kuisoma diski, mashine inawaka.

Cha pili ni cha kompyuta mpakato mpya kiasi, zenye prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha 11. Ukitaka kupiga Windows kwenye baadhi yake, orodha ya diski inatokea tupu. Hapo mwenye mashine huambiwa diski imekufa, atafute nyingine. Kumbe inayokosekana ni draiva ya Intel ya kuisoma diski hiyo. Ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, iweke kwenye flashi, bonyeza Load driver, na diski itajitokeza palepale. Mtu asitoe fedha ya diski mpya kabla hili halijajaribiwa.

Tukirudi kwenye draiva iliyoharibika, Safe Mode inafikika hata Windows inapokataa kuwaka. Izime mashine kwa kushikilia kitufe cha kuwashia pale tu Windows inapoanza kupanda, rudia mara mbili au tatu, na ukurasa wa matengenezo utafunguka. Ingia Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Startup Settings, iache iwake upya, ubonyeze 4. Hapo Windows hupakia draiva za lazima tu. Ikiwaka vizuri, nakili kwanza mafaili yako kwenye diski ya nje. Kisha fungua Device Manager, tafuta kifaa ulichokishuku, urudishe draiva yake ya zamani au uiondoe kabisa iliyopo. Ikiwa hukumbuki kilichobadilika, System Restore huweza kuurudisha mfumo siku za nyuma bila kugusa nyaraka zako, mradi ilikuwa imewashwa.

Tahadhari moja: mashine nyingi za siku hizi hufunga diski kwa BitLocker, usimbaji wa Windows. Ukigusa BIOS au ukitaka Safe Mode, unaweza kudaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida hutunzwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili mashine. Utafute leo, uuandike kwenye karatasi, kwa sababu bila ufunguo huo hakuna fundi wa kukurudishia data.

Na kama Windows imeshapigwa na waifai haionekani, usikate tamaa. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushirikisha intaneti kwa USB, na kompyuta itapata mtandao wa kupakulia draiva yake. Chukua kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa namba iliyobandikwa chini ya mashine. Yale makusanyo ya draiva za bure achana nayo, maana baadhi huja na virusi.

Ukiipeleka mashine kwa fundi, mwambie kabla hajaigusa: ajaribu kwanza Safe Mode, anakili mafaili, na asifute diski mpaka umempa ruhusa kwa kinywa chako. Fundi atakayekataa masharti hayo, mnyang'anye mashine yako uende kwa mwingine.