Kisu Hupona au Hufa Kabla ya Kuingia Motoni

Apitaye karibu na mabanda ya wahunzi wa Gikomba, mjini Nairobi, husikia vishindo vya nyundo tangu asubuhi, na humo huona vyuma chakavu, hasa springi kuukuu za magari, vikigeuzwa kuwa mapanga, patasi na visu. Watazamaji hupenda dakika ile kisu chekundu kinapozamishwa katika mafuta na moshi kupanda. Lakini dakika hiyo ni ya kutoa hukumu tu. Kesi yenyewe imekwisha semwa kwa tupa na msasa. Kisu kilichotayarishwa vibaya hutoa mlio mdogo ndani ya mafuta, "ti!", na kazi ya siku mbili au tatu imepotea.

Kwanza, si kila chuma hukaza. Chuma laini cha kutengenezea madirisha na malango kina kaboni kidogo mno, na hata kizimwe mara kumi hakiwi kigumu. Springi ya gari ina kaboni yapata sehemu 6 katika 1,000. Tupa kuukuu inayo zaidi, kama sehemu 10 au kupita. Tupa ni ngumu tangu dukani, basi hutiwa moto hata iwe nyekundu, kisha hufukiwa katika majivu makavu usiku kucha, ipoe polepole na kukubali kukatwa. Springi nayo ichunguzwe sana, kwa kuwa iliyobeba mizigo miaka mingi huweza kuficha ufa.

Kosa kubwa la mwanafunzi, na ni kosa la haraka, ni kukitia kisu makali mapema. Ukingo mwembamba hupata moto upesi kuliko mgongo, na katika mafuta hupoa upesi kuliko mgongo. Ndipo bapa hujipinda kama jani kavu, au hupasuka. Tena moto hula kaboni ya juu ya chuma, na ukingo ulio mwembamba kama karatasi hausaziwi kitu. Fundi mzoefu huacha ukingo na unene wa milimita 1 au zaidi kidogo, na makali huyatafuta baadaye. Mikwaruzo ya tupa huondolewa kwa msasa, kwa kusugua kutoka mpini kwenda ncha, kwa maana mkwaruzo mzito unaokata bapa kwa upana ni njia iliyokwisha chimbwa ya ufa kupita. Vivyo hivyo pembe kali pale bapa linapokutana na msuka, yaani ile sehemu iingiayo katika mpini: huviringishwa kwa tupa ya duara. Matundu ya ribiti nayo hutobolewa sasa. Anayeyasahau atavunja ncha za kekee bure, kwa kuwa chuma kikishakaza hakitobolewi kirahisi.

Kisha huja kazi ambayo wengi huiruka kwa sababu haionekani. Nyundo huacha mivutano ndani ya chuma, na moto uliozidi huzikuza chembe zake. Basi kisu hutiwa moto mpaka sumaku isikishike tena, yapata sentigredi 770, huzidishwa kidogo, kisha huachwa kipoe hewani, mbali na upepo na maji. Hufanywa hivyo mara tatu, na kila mara fundi hukitazama kwa urefu, jicho moja limefumbwa, kuona kama kimenyooka. Hapo ndipo pa kukinyoosha. Banda lenye giza kidogo ni bora kwa kazi hii kuliko hilo jua kali ambalo limewapa mafundi jina lao, kwa sababu mchana wekundu wa chuma hauonekani sawasawa.

Mafuta huandaliwa kabla ya moto. Maji hupoza kwa nguvu mno, na springi nyingi hupasuka humo. Mafuta ya kupikia yafaa, ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko, nayo hupashwa hata sentigredi 50 hivi, kwani yakiwa baridi ni mazito na hupoza kwa uvivu.

Baada ya kuzimwa kisu hujaribiwa kwa tupa. Ikiteleza kama juu ya kioo, kimekaza. Siku hiyo hiyo hurudishwa katika joto dogo la sentigredi 200 hivi kwa saa mbili, kwa maana kisu kilichokazwa na kuachwa vivyo hivyo huweza kuvunjika kikianguka tu juu ya sakafu ya saruji.