Uteuzi wa Vikinga vya Mwendeshaji wa Gurudumu Moja la Umeme

Wahenga walinena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Kauli hiyo inamwafiki mno mwendeshaji wa gurudumu moja la umeme, chombo kisicho na usukani wala breki ya mkono. Mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio viwili. Akiinama mbele, vihisi hutambua mwinamo huo na mota huongeza kasi ili asianguke. Akiegemea nyuma, mwendo hupungua. Kwa hivyo, mota ndiyo injini na ndiyo mizani. Ikilemewa, mizani hiyo hutoweka ghafla na mwendeshaji hutupwa mbele kifudifudi.

Uteuzi wa vikinga, basi, hauna budi kufuata namna ya kuanguka. Kwanza, ni silika ya binadamu kutanguliza mikono aangukapo. Vikinga vya vifundo vya mikono vyenye kipande cha plastiki ngumu kiganjani huviwezesha viganja kuteleza juu ya lami badala ya kukwama na kuvunja mfupa. Pili, magoti na viwiko huhitaji vikinga vyenye gamba gumu nje na sponji ndani, vilivyokazwa barabara visije vikahama anapoanguka.

Tatu ni kichwa, ambacho hakina kipuri. Helmeti ya baiskeli ya kiwango cha Ulaya cha EN 1078 hujaribiwa kwa kudondoshwa kutoka kimo cha takriban mita 1.5, wala hailazimiki kukinga kidevu. Mtu mzima aliyesimama juu ya gurudumu, kichwa chake hukaribia mita 2 kutoka ardhini. Isitoshe, magurudumu yenye nguvu hupita kilomita 50 kwa saa. Ikumbukwe kuwa kasi ikiongezeka maradufu, nishati ya mwendo huongezeka mara nne. Anayeenda kasi namna hiyo anafaa helmeti ya pikipiki inayofunika uso mzima, yenye alama ya ECE 22.06, pamoja na jaketi ya pikipiki.

Hata helmeti bora haifai kitu ikiwa inapwaya. Ikivaliwa na kufungwa, kichwa kikitikiswa nayo isiteleze. Aidha, povu lililomo ndani hupokea pigo kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi. Helmeti iliyokwisha kugonga chini ibadilishwe, hata kama kwa nje haina ufa.

Wapo wanaotumia fedha zote kununua gurudumu, vikinga wakaviahirisha. Hao wasisahau kuwa mchuma janga hula na wa kwao: mfupa ukivunjika, watakaouguza ni jamaa nyumbani. Bei ya vikinga na ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya gurudumu lenyewe.