Kwa Nini Hatuwashi Huduma Mbili Usiku Mmoja

Ushawahi kupata meseji yetu kwamba huduma zitasimama usiku, ukajiuliza: kama wana huduma tatu mpya, si wazilete zote kwa pamoja tumalizane?

Twende stesheni ya Voi kidogo. SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, sehemu kubwa ni njia moja. Treni mbili zikikutana, moja huingia pembeni ikangoja. Si mbovu, ni zamu tu.

Wataalamu wetu wa programu nao wako hivyo. Kila mmoja hufanyia kazi nakala yake, kisha huunganisha mabadiliko yake na programu kuu, ile inayohesabu salio lako. Wawili wakibadilisha mstari mmoja, mtambo hukataa mpaka waelewane. Hiyo ni afadhali. Ugomvi mbaya ni ule usiopiga kelele.

Tuseme mmoja anabadilisha hesabu ya ada, iwe kwa senti badala ya shilingi. Mwenzake, kwenye faili nyingine kabisa, anatengeneza huduma ya kulipa watu wengi kwa mpigo, akitegemea hesabu ya zamani. Kila kazi ikijaribiwa peke yake iko sawa. Ziunganishe: ada ya shilingi 13 inasomwa 1,300. Mama anayenunua ndizi Taveta kupeleka Voi anakuta alfajiri pesa ya lori imeliwa na ada.

Kwa hiyo hesabu ya ada hutangulia, kwa sababu kazi nyingine zimeiegemea. Ikishatulia, yule wa pili anachukua nakala mpya ndipo aendelee. Kazi kubwa tunaikata vipande vidogo vya kuunganishwa kila siku, maana nakala iliyokaa pembeni wiki tatu hurudi ikakuta milango imehamishwa. Kazi inayogusa faili nyingi mno tunaipa siku yake, wengine wote wametoa mikono. Kusema kweli, wanaongoja hununa.

Halafu huduma moja ndiyo huwashwa, usiku, miamala ikiwa michache. Tatizo likitokea, tunajua la kuzima.

Usiku huo ukituma pesa na meseji isije, usitume tena. Angalia salio na taarifa ya miamala kwanza. Ada ikizidi ile iliyotangazwa, hifadhi namba ya muamala utupigie. Namba yako ya siri hatutakuuliza.