Raundi ya Tatu Ndiyo Inayokula Faida

Mtoto anakanyaga kijiti, kamba inavuta dumu la lita 5, maji yanachirizika mikononi mwake huku mama akitazama. Ni mchoro mmoja tu wa kibuyu chirizi katika bango kitita la elimu ya afya, na leo umerudi kwa mchoraji wake, Tabata, Dar es Salaam, kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza mteja alitaka sabuni ionekane. Mara ya pili ilikuwa kanga ya mama: ilikuwa na maandishi, na wanakijiji walioonyeshwa mchoro walishughulika kuyasoma, mikono wakaisahau. Sasa mtoto avishwe ndala. “Kidogo tu, dada,” unasema ujumbe wa WhatsApp. Bei ni ileile ya siku ya kwanza.

Hiyo “kidogo tu” ndiyo inayoamua nani anadumu katika biashara ya uchoraji wa vielelezo na nani anarudi kutafuta ajira. Wenye mikono mizuri ni wengi. Wanaojua kuandika masharti kabla ya kushika kalamu ni wachache.

Wanunuzi wakubwa ni wachapishaji wa vitabu vya watoto, mashirika ya afya na maendeleo, na kampuni za matangazo. Soko la vitabu hupanda na kushuka kwa kufuata mitaala. Kenya ilipoanza kutekeleza Mtaala wa Umilisi nchi nzima mwaka 2019, wachapishaji walihitaji vitabu vipya vya kupeleka kwenye ithibati ya KICD, taasisi ya mitaala ya nchi hiyo, na kitabu cha darasa la chini hakiendi bila picha. Tanzania, vitabu vya kiada huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hivyo mchapishaji binafsi hutegemea zaidi hadithi na vitabu vya ziada. Ndiyo maana Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, ulikuwa na uzito: kwa kuwahakikishia wachapishaji mnunuzi wa sehemu ya nakala, uliwapa pia wachoraji kazi.

Magazeti ni mlango mwembamba. Mchora katuni Godfrey Mwampembwa, maarufu kama Gado, alitoka Dar es Salaam mwaka 1992 akapata kiti katika gazeti la Nation, Nairobi. Kiti cha aina hiyo, chenye mshahara, gazeti moja huwa nacho kimoja au viwili. Waliobaki nje hujitafutia.

Tuchukue hesabu ya mfano. Kitabu cha hadithi kina picha 12 na jalada, kwa shilingi 1,200,000 za Tanzania. Mteja anakata kodi ya zuio ya asilimia 5, zinabaki 1,140,000. Skechi zinachukua siku 6, rangi siku 13, na raundi moja ya marekebisho siku 3. Jumla siku 22, sawa na takriban shilingi 51,800 kwa siku. Raundi zikifika nne, siku zinakuwa 31 na kipato kinashuka hadi takriban 36,800. Hapo hujalipia bando, LUKU, wala programu inayodai ada kila mwezi. Umeme ukikatika alasiri na betri ya kompyuta imechoka, siku nayo imekwenda.

Kwa hiyo wazoefu huvunja kazi vipande. Skechi za penseli hupelekwa kwanza, mteja azipitishe kwa maandishi, ndipo rangi ianze. Kuhamisha mti kwenye skechi ni dakika chache, kuuhamisha baada ya rangi ni nusu siku. Ankara inataja raundi mbili za marekebisho, ya tatu ina bei yake. Nusu ya malipo hutangulia. Mashirika mengi hulipa siku 30 au zaidi baada ya kupokea ankara, na mwenye nyumba hajui siku 30 ni nini.

Suala linalosahaulika zaidi ni umiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria ya Kenya ya 2001 inatoa muda huohuo, lakini ina kifungu cha kuangaliwa sana: kazi iliyoagizwa huhesabika kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa makubaliano yaseme vinginevyo. Mchoraji wa Nairobi anayenyamaza ameshauza vyote. Sungura aliyemchora kwa kitabu kimoja anaweza kesho kuonekana kwenye daftari, fulana na kipindi cha televisheni, naye asidai hata senti. Mstari mmoja wa mkataba unaotaja matumizi, nchi na muda ungemwachia mlango wazi.

Tangu mwaka 2022 mashine za akili mnemba zinatoa picha kwa sekunde, na kazi ndogondogo, kama mabango ya mitandaoni na kadi za mwaliko, ndizo za kwanza kuguswa. Mteja wa Tabata naye alianza huko. Alileta picha ya mashine yenye rangi za kuvutia, ila kamba ya dumu ilikuwa inaning’inia hewani, haijafika kwenye kijiti. Mwanakijiji anayejenga kibuyu chirizi kwa kufuata picha ile asingepata tone. Usahihi wa namna hiyo una bei, na anayeujua ana haki ya kuutoza.

Safari hii dada wa Tabata hakukimbilia kalamu. Alijibu kwa adabu: raundi mbili za makubaliano zimekwisha, ndala ni shilingi 30,000. Kimya kikapita tangu asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana. Simu ilipolia, ulikuwa ujumbe wa muamala. Ndipo alipofungua faili na kumvisha mtoto ndala.